Mizuka na Haki za Maiti

 

Hufa mtu katika mtaa, akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, akazikwa, ikasomwa khitma, watu wakatawanyika. Mwezi haujatimia, barazani huanza maneno. Mmoja husema kwamba usiku amesikia kikohozi cha marehemu ukumbini. Wa pili husema ameona taa ikipita dirishani katika chumba kilichofungwa. Wa tatu, ambaye hakusikia wala hakuona, huyatia maneno yale chumvi, na yakifika kisimani huwa ni kisa kamili chenye mwanzo na mwisho: fulani harudi bure, ana jambo lake. Tangu siku hiyo watoto hawapiti kichochoro kile baada ya magharibi, mpangaji wa chini huhama, na mjane aliye ndani ya eda huachwa peke yake na khofu zake.

Wengi huyahesabu haya kuwa ni mazungumzo ya kupitishia usiku, na baadhi ya wenye ilimu huyapa kisogo kwa kuyaona hayana heshima ya kusemwa darsani. Lakini mna ndani yake haki za watu watatu au wane, na mmoja wao yumo kaburini, hawezi kujitetea. Kwa hivyo lafaa jambo hili liulizwe kama yanavyoulizwa mengine: Muislamu aitakidi nini akisikia kisa namna hii, na akiisha kukisikia, anayo ruhusa ya kukipeleka mbele?

Kwanza na iondolewe shubha moja. Wapo waliosoma kidogo wakadhani wamesoma sana, nao husema kwamba hayo yote ni upuzi, hakuna jini wala shetani. Hao wamepita mpaka, kwani katika Kurani imo sura nzima iitwayo kwa jina la majini, na mwenye kuyakanusha ameikanusha. Na wapo wengine, nao ndio wengi, ambao kwa kuwa majini wapo huona kwamba kila kisa cha majini ni cha kweli. Kama kwamba kuwapo kwa wezi mjini ni ushahidi kwamba kila kilichopotea kimeibwa. Kuwapo kwa kitu ni jambo moja, na kusadiki khabari ya mtu fulani juu ya kitu hicho ni jambo jingine, nalo lina mizani yake.

Anayetaka kujua mzuka hutoka wapi na atazame kwanza hutaka nini.

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa watu wa visasi. Waliitakidi kwamba mtu akiuawa na damu yake isilipwe, hutoka katika kichwa chake ndege, jina lake hama, akakaa juu ya kaburi akilia kiu, akitaka anyweshwe, wala hanyamazi mpaka auawe muuaji au mtu wa ukoo wake. Tazama ndege huyu alivyofanana na waliomzua. Hakudai deni wala wasia, alidai damu, kwani damu ndiyo iliyokuwa hesabu baina ya kabila na kabila. Na kila alipolia walikufa walio hai. Mtume (S.A.W.) alimkataa ndege yule kwa neno moja, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, na hiyo ni moja katika tafsiri mbili wanazozitaja wanavyuoni juu ya neno lile. Wala haikuwa kazi ya kuwatuliza tu waoga; iliondoka pamoja na ndege huyo hoja moja kubwa ya kuua.

Na watu wengine vivyo hivyo, kila mmoja na mzuka wake. Nyuma ya Mombasa na Malindi, kwa Wagiriama wanaoshika mila ya wazee wao, koma humjia mtu usingizini akalalamika njaa au baridi, basi humwagiwa tembo la mnazi, na mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu huchongewa kigango cha mti kikasimamishwa kwa ajili yake. Huko ukoo ndio kila kitu, na khofu kubwa ya mzee ni kusahauliwa na ukoo. Basi maiti wao hudai kukumbukwa. Huko Uingereza nako, kabla ya madhehebu yao mapya, watu wakiamini kwamba roho husafishwa kwa moto kabla ya kuingia Peponi, na kwamba misa humpunguzia maiti adhabu. Na mizuka yao ikija ikiomba misa. Sheria ya mwaka 1547 ikazifuta wakfu zilizowekwa kwa ajili ya misa hizo, lakini mizuka haikufutika. Ikabidi ipewe jina jingine: kasisi mmoja wa Zürich, Ludwig Lavater, alitoa kitabu mwaka 1569 akishikilia kwamba yanayoonekana usiku si roho za wafu, na kwamba mengi yake ni shetani, au ni khofu, au ni hila za watu. Paa ni lile lile na kikohozi ni kile kile. Lililobadilika ni jibu la swali, huyu ni nani na ataka nini.

Sasa na itazamwe pwani. Maneno yake ya mambo haya yana tabaka mbili. Mzimu, koma, kuzimu na mzuka ni maneno ya nchi, ya tangu na tangu. Jini, shetani, ruhani na afriti yamekuja na Uislamu na jahazi. Katikati yake liko pepo, neno lililo ndugu yake upepo; na ajabu ya lugha hii ni kwamba Janna nayo ikaitwa Peponi.

Msimulizi wa pwani husimama baina ya tabaka hizi mbili. Chuoni amefundishwa kwamba nyuma ya wafu pana barzakh mpaka siku watakapofufuliwa, kama ilivyo katika Suratul-Muuminun, na kwamba aombaye kurejeshwa duniani harejeshwi. Jikoni kwa bibi yake amesikia kwamba wafu huja. Wala hataki kumkadhibisha mwalimu wake wala bibi yake, basi huunga: kisa chake huanza kwa maiti na humalizika kwa jini. Aliyekohoa ukumbini si fulani mwenyewe, ni karini wake, au ni jini aliyekuwa naye akachukua sauti yake. Hivyo itikadi imesalimika ulimini, na khofu imebaki moyoni mahali pake pa zamani. Na kila linapokwenda jina la jini, nyuma yake hufuata chetezo.

Mfano ulio wazi ni Gedi, karibu na Malindi. Huo ulikuwa mji wa Waislamu, wenye msikiti wa Ijumaa na visima na nyumba za mawe, na liko pale kaburi lenye tarikhi ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Watu wake waliuhama katika karne ya kumi na saba, msitu ukaufunika, hatta serikali ikauweka katika ulinzi mwaka 1927, na James Kirkman akaanza kuuchimba mwaka 1948. Katika miaka ile ya msitu zilienea khabari kwamba wazee wa kale bado wanaulinda mji wao, na kwamba mwenye kuuharibu hupatwa na baya. Waliozikwa pale ni Waislamu waliokuwa wakisali na kufunga. Haki yao kwa mpita njia ni salamu, kama Mtume (S.A.W.) alivyowafundisha masahaba wake kuwasalimu watu wa makaburini, na dua. Kisa kimewageuza kuwa walinzi wa kutisha, na aliyekuwa awape salamu akapita mbio.

Ama mizani ya kusadiki na kutosadiki, watu wa madhehebu ya Imam Shafi hawana haja ya kwenda mbali. Imam mwenyewe (R.A.), aliyekufa mwaka 204 wa Hijra, sawa na 820, amepokewa kwamba mtu akidai amewaona majini alikuwa akiubatilisha ushahidi wake, illa mtu huyo awe Nabii. Hoja yake ni aya ya Suratul-Aaraf yenye maana kwamba shetani na kabila lake huwaona wanaadamu kutoka mahali ambapo wao hawaonekani. Ibn Hajar al-Asqalani ameieleza kauli hii kwamba inamhusu mwenye kudai kuwaona katika umbo lao la asili, siyo mwenye kusema ameona mnyama au umbo jingine walilojigeuza. Na iwe hivyo. Lakini na itazamwe hukumu yenyewe imemwangukia nani. Imam hakushughulika na jini. Ameshughulika na shahidi. Mtu akaaye barazani akaapa kwamba ameona hiki na kile juu ya dari ya jirani, je, yu radhi asubuhi yake kadhi aukatae ushahidi wake katika ndoa ya binti wa ndugu yake, au katika deni lake mwenyewe? Angejua kwamba kila kisa kina bei hiyo, visa vingepungua sana.

Lakini kuna khabari moja ambayo haifai kufichwa, kwani wasimulizi wenyewe hujitetea kwayo. Nayo ni ya Thabit bin Kays bin Shammas, khatibu wa Ansari, aliyeuawa shahidi katika vita vya Yamama, mwaka wa kumi na mbili wa Hijra kwa kauli ya wengi. Alikuwa amevaa dera ya chuma nzuri. Akapita mtu katika jeshi la Waislamu akamvua maiti, akaichukua. Usiku Thabit akamjia mtu mwingine ndotoni, akamuusia, na akamtahadharisha asije akasema kwamba hii ni ndoto tu akaipuuza: dera yake iko kwa mtu ambaye hema yake iko mwisho wa kambi, farasi amefungwa karibu yake, na juu ya dera amefudikiza chungu, na juu ya chungu pana tandiko. Aende kwa Khalid bin al-Walid aichukue. Na akifika Madina amwambie Khalifa kwamba Thabit ana deni kadha wa kadha, na mtumwa wake fulani yu huru. Khalid akatuma watu, dera ikaonekana kama ilivyosemwa, na Abubakar (R.A.) akaupitisha wasia ule. Wapokezi wanasema kwamba hajulikani mwingine aliyeusia baada ya kufa kwake na wasia wake ukapitishwa.

Hiki ndicho kisa cha maiti kilichokubaliwa na wakubwa wa umma huu. Basi na kiwekwe ubavuni mwa visa vya barazani. Thabit alikuja katika ndoto ya mtu, na ndoto ni mlango unaojulikana katika sharia. Hakutembea darini, wala hakutisha watoto. Hakuomba ubani, wala kuku, wala ngoma. Alitaka mali irudi, deni lilipwe, mtu aachiwe huru: vitu vitatu ambavyo vyote ni haki za walio hai kabla hazijawa haki zake. Alitoa alama inayoweza kutazamwa mchana na macho ya watu, nayo ikatazamwa kwanza, kabla mtu hajashikwa. Na katika riwaya hiyo aliyeivua dera hakutajwa jina. Watu wa baraza wangelijua jina lake na la baba yake kabla ya alfajiri.

Pamoja na haya yote, wanavyuoni hawakufanya kuwa kanuni. Ndoto haithibitishi haki ya mtu mbele ya kadhi, na waliolieleza tendo la Abubakar wametaja dalili zilizoufuata ule wasia, na wengine wametaja ridhaa ya warithi.

Hapa atasimama mtu, naye si mjinga, aseme: Hata kama kisa ni cha uwongo, kina faida. Pwani ni nchi ya biashara na kukopeshana. Mtu akifa, la kwanza linaloulizwa ni kama ameacha deni. Mzuka wa pwani mara nyingi husemwa umerudi kwa sababu ya deni lililofichwa, au wasia uliozuiwa, au mali ya yatima iliyoliwa na ami yake. Warithi wakisikia vishindo, wanatetemeka, wanalipa. Kadhi hakuweza, kikohozi kimeweza. Kuna ubaya gani?

Hoja hii ina nguvu, na anayeijibu kwa kukemea hajaijibu. Kweli wapo waliolipa kwa khofu ya namna hiyo, na mdai aliyepata fedha zake amepata halali yake. Lakini na aulizwe aliyelipa: amemlipa nani? Kama amelilipa paa linyamaze, basi kipimo chake ni paa. Likinyamaza lenyewe, atasita kulipa. Na likiendelea, atakuja mtu wa pili amwambie kwamba huyo ni jini, wala hataki fedha za watu, ataka ubani kidogo na kisomo na sinia ya vyakula, na mambo yatatulia. Ubani ni rahisi kuliko deni. Mtu aliyefundishwa kwamba shida yake ni sauti, akipata dawa ya sauti kwa bei ndogo, kwa nini atoe bei kubwa? Hivyo ndivyo inavyokuwa: nyumba hufukizwa, mganga hulipwa, vishindo husemwa vimekoma, na daftari la marehemu hubaki sandukuni na majina ya watu ndani yake. Kisa kilichosemwa kwamba kinatetea haki ndicho kilichofungua mlango wa kuinunua kwa ubani.

Mtume (S.A.W.) hakungoja vishindo. Alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni. Jabir (R.A.) amepokea kwamba aliletewa mtu mwenye deni la dinari mbili, akajizuia kumsalia, mpaka Abu Katada alipozichukua juu yake. Siku ya pili akamuuliza, zile dinari mbili zimekuwaje? Akajibu kwamba mtu yule amekufa jana tu. Akamuuliza tena keshoye, na alipoambiwa kwamba zimelipwa, akasema kwa maana kwamba sasa ndipo ngozi ya maiti ilipopoa. Maulizo mawili kwa dinari mbili, mchana, mbele ya watu. Na Suratun-Nisaa imeutaja urithi baada ya wasia na deni; na kwa Shafi zaka aliyoacha mtu kuitoa, na hija iliyomlazimu asiende, nazo ni deni katika mali yake kabla warithi hawajagusa kitu.

Ama kumsimulia maiti kwamba amerudi, hilo lina dhambi yake mbali na uwongo. Kusema kwamba fulani hakutulia kaburini ni kusema kwamba yumo adhabuni, na hiyo ni ghaibu asiyoijua illa Mwenyiezi Mungu. Aisha (R.A.) amepokea, na imo katika Bukhari, makatazo ya kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha fikia yale waliyoyatanguliza. Aliye hai akisengenywa aweza kuombwa radhi. Huyu ataombwa wapi?

Na mara nyingine kisa humwaga damu kama ndege wa Waarabu. Mwaka 1995, mwanzo wake ukiwa Pemba katika mwezi wa Ramadhani, kisha Unguja, zilienea khabari za kiumbe kilichoitwa Popobawa, watu wakakesha nje ya nyumba zao wamekoka mioto, wakilala makundi kwa makundi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na nyoyo zilikuwa na khofu nyingine pia zisizosemwa wazi. Katika fazaa ile, mjini Zanzibar, umati ulimuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili kwa kumdhania kuwa ndiye. Waliompiga hawakuwa na shaka. Kila mmoja wao alikuwa amesikia kisa kutoka kwa mtu aliyesikia, na Mtume (S.A.W.) amekwisha kueleza, katika hadithi iliyomo kwa Muslim, kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo akisimulia kila alilolisikia. Haihitajiwi azue yeye mwenyewe.

Limebaki la mjane. Kiswahili kinamwita mwanamke aliyefiwa na mumewe, akiwa katika eda, kizuka. Na neno hilo hilo, kizuka, ndilo jina la kitu cha kutisha kinachomzukia mtu ghafla. Asili yake vyovyote iwavyo, mazoea ya watu yameyafanya maana haya mawili yakaribiane mno. Hukwepwa kama kwamba mauti yamemganda. Kikianza kisa cha kikohozi, huwa ndiye wa kwanza kutiliwa shaka: hakumridhisha mumewe, au amefanya jambo, ndiyo maana huyu hatulii. Wanawake wa mtaa waliokuwa wakimletea uji huacha kuja. Miezi minne na siku kumi alizofaridhiwa kwa Suratul-Bakara zimekuwa kifungo cha peke yake, katika nyumba iliyosemwa kwamba ina mtu mwingine.

Eda ya sharia si hiyo. Kujizuia na mapambo na manukato na kuposwa, na kulala katika nyumba yake, hayo ni wajibu. Lakini Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676, ametaja katika Minhaji kwamba aliyefiwa na mumewe aweza kutoka mchana kununua chakula chake na pamba yake na mfano wa hivyo, na usiku aweza kwenda nyumbani kwa jirani yake kusokota nyuzi na kuzungumza, kwa sharti arudi alale kwake. Mafakihi walioandika masharti ya maji na najisi kwa uchache wa maneno hawakuona tabu kutaja nyuzi na mazungumzo ya mwanamke aliyefiwa. Walijua usiku wa nyumba ya mayiti ulivyo mrefu. Ni juu ya jirani kuuacha mlango wake wazi baada ya isha, na ni juu ya warithi kulitoa daftari sandukuni wiki ile ile, wakalisoma mbele ya mashahidi, jina baada ya jina, mpaka mwisho wake.